Irabu Nilizozimeza

Ujumbe wenyewe ulikuwa huu: "nkmwmbia bac hkna xhda". Nimeunakili kama ulivyokuwa, kwa sababu katika yote niliyowahi kuandika huo ndio ulionitia aibu kuliko mengine.

Bosi wangu alikuwa njiani kuelekea uwanja wa ndege. Kulikuwa na mteja aliyetakiwa kuja ofisini kesho yake asubuhi, kikao kikaahirishwa, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumpa taarifa. Jioni bosi akauliza kwa meseji kama suala la mteja limekwisha. Nikajibu hivyo. Kichwani mwangu nilikuwa nimesema, "Nikimwambia, basi, hakuna shida," yaani bado sijamwambia, ila yule ni mtu mwelewa, nikishamwambia yatakwisha. Bosi akasoma, "Nikamwambia, basi, hakuna shida." Yaani nimeshamwambia, tumemalizana. Akazima simu, akapanda ndege. Mimi nikazama kwenye kazi nyingine, nikaja kukumbuka usiku, simu ya mteja haipatikani. Saa mbili asubuhi nikamkuta mtu wa watu amekaa mapokezi, bahasha ya makaratasi mapajani, amesafiri usiku kucha kuja kwenye kikao ambacho hakipo.

Bosi aliporudi hakunigombeza. Alinipa simu yake akasema, "Nisomee hapa." Nikasoma, "Nikimwambia." Akasema, "Sasa nionyeshe hiyo i iko wapi." Nikatazama. Kati ya k na m hapakuwa na kitu. Hapakuwa na i, hapakuwa na a. Nilikuwa nimemwachia yeye atie anayoitaka, naye akatia iliyomfaa mtu anayekaribia kupanda ndege.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiichunguza lugha yangu kama mtu anayekagua nyumba baada ya kuona ufa mmoja. Nyufa zilikuwa nyingi.

Nianze na huo wa irabu, maana ndio ulionifundisha zaidi. Kitenzi cha Kiswahili ni kama mzigo uliofungwa kwa kamba nyembamba: nani katenda, lini, kwa nani, kakubali au kakataa, vyote vimo ndani ya neno moja, na mara nyingi kinachotenganisha maana mbili ni irabu moja tu. Nikimwona na nikamwona. Andika "nkmwona" na msomaji hajui kama umeshamwona au unasubiri kumwona. Andika "hjafka" na hajui kama unamuuliza yeye, hujafika, au unampa habari za mwingine, hajafika. Katika mazungumzo ya mizaha hilo halina madhara, muktadha unaziba pengo. Muktadha ukikosekana, pengo linabaki pengo.

La kuchekesha ni kwamba hili si tatizo geni kwa lugha yetu. Kiswahili kilipokuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo Waarabu wenyewe huziandika mara nyingi bila alama za irabu fupi na wakaelewana, waandishi wa Kiswahili walizitia alama hizo. Walijua bila irabu hatusomeki. Mimi, mwenye kibodi yenye a, e, i, o, u zote zinazomeremeta mbele yangu, nilikuwa nimeziacha kwa hiari yangu.

Kwa nini? Nilikaa nikajiuliza, nikarudi hadi kwenye simu yangu ya kwanza, ile ya batani, kiswaswadu. Herufi s ilikaa kwenye kitufe cha 7 pamoja na p, q na r, nayo ilikuwa ya mwisho. Kuipata ulibonyeza mara 4. X ilikuwa kwenye 9, mara 2 tu. Piga hesabu mwenyewe: "sasa" ni mibonyezo 10, "xaxa" ni 6. "Si" ni mibonyezo 7, lakini c, ambayo kwa Kiingereza jina lake linasikika vilevile, ni 3. Ndipo sijui ikawa "cjui" na sina ikawa "cna". "Tu" ilikuwa kero zaidi, maana t na u zilikaa kitufe kimoja, cha 8. Ulibonyeza t, ukasubiri kale kamstari kasogee, ndipo ubonyeze u mara mbili. Ukikosa subira unapata v. Ukishikilia kitufe cha 2 kidogo, inatoka 2, na watu wanakuwa "wa2". Nilikuwa hodari. Niliweza kuandika simu ikiwa mfukoni, bila kutazama, kwa kidole gumba kimoja.

Tena kulikuwa na ukuta wa herufi 160. Ukiuvuka, zinahesabiwa meseji mbili. Nilikuja kusoma baadaye kwamba kipimo hicho kilitokana na mhandisi Mjerumani, Friedhelm Hillebrand, ambaye mwaka 1985 alikaa na taipureta yake mjini Bonn akaandika sentensi za ovyo ovyo, akahesabu herufi, akaona karibu zote zinatosha ndani ya 160. Na meseji ya kwanza kabisa, tarehe 3 Desemba 1992, aliituma Neil Papworth wa Uingereza kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye simu: "Merry Christmas". Maneno mawili, yamekamilika, hakuna herufi iliyoliwa. Tulioanza kuzila ni sisi.

Kwa hiyo ufupisho ule ulikuwa na akili yake. Ulikuwa jibu la vitufe na la ukuta. Lakini vitufe vilikwisha, ukuta ukavunjika, nikanunua simu janja yenye herufi zote, ambapo s na x zote ni mguso mmoja, na bado nikaendelea kuandika "xaxa". Sababu ilikuwa imekufa, tabia ikabaki inazurura.

Zamani mtu akiniambia kwamba meseji zinaharibu lugha nilikuwa namjibu kwa ujuvi, na sehemu ya majibu yale bado nayaamini. Kufupisha ni kwa zamani. Tumekuwa tukiandika n.k., S.L.P. na Ndg. miaka yote na hakuna aliyelia. Hata hiyo "OMG" inayosemwa ni ya vijana wa mtandaoni, ilikwishaandikwa mwaka 1917 na mzee wa jeshi la majini la Uingereza, Lord Fisher, katika barua kwa Winston Churchill. Na Beverly Plester, Clare Wood na mwenzao walipochunguza watoto 88 wa miaka 10 hadi 12 nchini Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, hawakukuta kwamba wanaofupisha sana ndio wasiojua kusoma. Walikuta wanaofupisha zaidi ndio waliokuwa wakisoma maneno vizuri. Inaeleweka: huwezi kulichezea neno usilolijua. Mtoto anayeandika "2po" anajua kwamba ni "tupo", anajua sauti, anacheza.

Ila mimi nilikuwa nautumia utafiti huo kujifichia. Mtoto yule anacheza na herufi. Mimi nilikuwa nimeacha kucheza zamani, nilikuwa nakwepa kazi tu. Kuandika ni kumfanyia msomaji kazi, umsogezee maana hadi mlangoni. Nilichojifunza kwenye simu, taratibu, bila kujua, ni kuiacha kazi hiyo njiani na kumtazamia mwenzangu aje aichukue mwenyewe. Kwanza nilimwachia irabu. Halafu nikamwachia mengine.

Kabla ya hayo mengine, niseme neno moja kuhusu macho. Mtu hajifunzi tahajia shuleni peke yake, anajifunza kwa kile anachokiona kila siku. Nimekulia kwenye vitabu, lakini kwa miaka kumi na zaidi ninachokisoma kwa wingi ni maandishi ya watu kama mimi, yaliyoandikwa haraka. "Hili nipate nafasi" badala ya "ili nipate nafasi". "Au" imekuwa "ao", "kuwa" imekuwa "kua", "hapa" imekuwa "apa". Ukikutana na kosa mara ya kwanza jicho linakwama. Mara ya elfu halikwami tena. Siku moja nilipeleka barua rasmi ya ukurasa mmoja, nimeisoma mara tatu, nimejiridhisha. Mzee mmoja pale ofisini, karani wa enzi za taipureta, akanirudishia ikiwa na duara nne za kalamu nyekundu. Zote zilikuwa kwenye "hili". Nilikuwa nimeandika "hili kuwezesha", "hili kuondoa", "hili tuweze", "hili kufanikisha". Alichosema ni, "Hili lipi, kijana?"

Na kibodi nayo ina lake. Ile ya kwangu ilikuja imewekewa Kiingereza, kwa hiyo kila niliposhukuru iliniandikia "as ante", nikisema sawa inaandika "saw a", nikisema nipo inaandika "hippo", yaani kiboko. Badala ya kuiwekea Kiswahili, kazi ya dakika mbili, nilikaa miaka nikikwepa maneno ambayo inayavuruga. Hebu fikiria: mtu mzima anachagua maneno yake kwa kuogopa kibodi.

Sasa nije kwenye lile lililoniuma.

Rafiki yangu alifiwa na baba yake. Tangazo lililetwa kwenye kundi letu la WhatsApp alfajiri, na ndani ya saa moja kundi likajaa. Poleni sana. Poleni wafiwa. Mungu ampumzishe. Watu walikuwa wananakili ya aliyetangulia na kuibandika, unaona kabisa hata kosa la tahajia limenakiliwa. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya kitu fulani, sikumbuki nini. Nikatuma nyuso tatu zinazotoa machozi na mikono miwili iliyofumbatwa. Nikaendelea na foleni. Na naapa kwamba moyoni nilihisi nimefanya jambo. Mzee yule nilimfahamu. Nimekaa naye, amenitania, amenifundisha bao. Yote hayo niliyaweka kwenye vikatuni vitano na kumwachia mwanawe ayatoe humo mwenyewe kama anaweza.

(Kuna jambo dogo la kiufundi ambalo kila nikilikumbuka nacheka kwa uchungu. Ukitia emoji moja tu kwenye meseji ya kawaida ya simu, nafasi yako inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Kikatuni kimoja kinakula zaidi ya nusu ya maneno.)

Baada ya wiki mbili hivi nikaenda kumwona. Nilikaa mbele yake. Nikasema, "Pole sana ndugu yangu." Akasema, "Ahsante, tumeshapoa." Basi. Hapo maneno yakakatika. Nilijua nina jambo la kusema, nilikuwa nalihisi kifuani, lakini kila nilipolitafutia mwanzo sikuupata. Kimya kikawa kirefu. Mkono wangu, wenyewe, bila kutumwa, ukaingia mfukoni ukatoa simu. Sikuwa na sababu yoyote ya kuitoa.

Akanitazama, akatabasamu kidogo. "Unakitafuta kile kikatuni chako cha machozi?"

Alikuwa anatania, na utani ule ulinipasua. Kisha, labda kwa kunionea huruma, akaanza kuongea yeye. Aliniambia meseji za pole zilikuwa nyingi hata hakuzimaliza, na kwamba aliyoihifadhi ilikuwa moja, kutoka kwa mtu ambaye hata hamjui vizuri, fundi redio wa zamani. Akaifungua akanisomea. Fundi aliandika kwamba marehemu aliwahi kumletea redio mbovu, akakaa pale kibandani kutwa nzima akimwangalia anavyoitengeneza, na ilipoanza kulia akasimama akaisalimia: "Ulikuwa wapi siku zote hizi?" Ndiyo hiyo tu. Mistari minne, haina emoji, ina makosa mawili ya tahajia. Rafiki yangu alipofika kwenye lile neno la "ulikuwa wapi" sauti ikamkwama.

Nami nilikuwa na simulizi kama ile. Ninazo tano. Sikuandika hata moja.

Kuanzia hapo nikaanza kujisikiliza nikiongea, na nilichokisikia hakikunifurahisha. Nilikuwa nasema "nanihii" kila sentensi ya pili. "Yule nanihii alileta ile nanihii, si unanielewa?" Mwenzangu anasema naam, ananielewa, kwa sababu ananijua. Nilikuwa naanza sentensi nikiwa sijui itaishia wapi, nikifika katikati naiacha, naanzisha nyingine. Kwenye simu nilizoea kuandika, kufuta, kuandika tena, mwenzangu akiona tu "anaandika", na kinachotoka ni kile kilichochujwa. Mdomo hauna kitufe cha kufuta. Nikawa naogopa hata kupigiwa. Simu ikiita naitazama hadi ikatike, halafu natuma: "Nambie". Kuna mtu alinipigia kunipa habari njema kabisa, nikamwandikia "nambie", akanijibu, "Basi, haina haja."

Meseji za sauti nilidhani zingenisaidia. Hapana. Nilizisikiliza zangu za mwezi mmoja, nikiwa peke yangu, na ningeomba mtu yeyote anayejiona msemaji afanye hivyo mara moja maishani. Moja ina dakika nne na jambo lililomo lingetosha nusu dakika. Zilizobaki ni "eeh", "yaani", "sasa", "unajua", na mimi nikipumua. Ni uvivu uleule kwa sura nyingine: simfupishii tena, ila namtupia gunia zima apembue mwenyewe.

Hata nukta imeingia kwenye mchezo huu. Dada yangu aliniuliza siku moja kwa nini nimekasirika. Nilikuwa nimemjibu "Sawa." Basi. Nikadhani ni yeye na hisia zake, hadi niliposoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, wakiongozwa na Celia Klin, walikwisha kulipima jambo hilo, na utafiti wao ukatoka mwaka 2015: jibu fupi la meseji linaloishia kwa nukta lilionekana kwa wasomaji kuwa na unyofu mdogo kuliko lisilo na nukta. Kumbe alama niliyofundishwa kwamba inamaliza sentensi, kwenye simu inafunga mlango. Hili sina ugomvi nalo. Lugha inahama, nukta imepata kazi ya pili, nami najifunza kama wengine.

Nilichobadilisha si kikubwa. Simu ninayo na utani wa "xaxa" na rafiki zangu wa zamani bado naupenda, maana pale ni kama mavazi ya nyumbani. Ila vitenzi sivikati. Nikianza neno kwa ni- au ha- au hu-, nalimalizia lote, hata kama bosi ananisubiri. Niliiwekea kibodi Kiswahili. Jambo likifika meseji ya tatu bila kueleweka, napiga. Mara za kwanza nilikuwa naandika kwenye kipande cha karatasi nitakachosema, kama mtoto anayetumwa dukani, na sioni aibu kulisema. Wiki ya kwanza karatasi ilikuwa na mistari sita. Siku hizi ina neno moja au mawili, na mara nyingi naisahau mezani.

La pole ndilo lililonichukua muda. Nilijiwekea sharti kwamba nikipata habari ya msiba sitatuma chochote hadi nikumbuke kitu kimoja nilichokiona kwa macho yangu kuhusu marehemu. Kama sina, naandika "pole" kwa herufi nne na jina la mfiwa, inatosha. Mara nyingine inanichukua saa nzima, na kundi limeshajaa nyuso za machozi huku mimi nakumbuka viatu, au kicheko, au jinsi mtu alivyokuwa akikunja gazeti. Rafiki yangu nilimwandikia pia, nikiwa nimechelewa miezi. Nilimwandikia habari za bao. Hakunijibu siku ile. Siku ya tatu akapiga, tukaongea hadi chaji ikanikatia.

Mwalimu wangu wa yote haya nilikuwa naye siku zote na nilikuwa namcheka. Mama yangu huandika meseji kama barua. "Mwanangu mpendwa, habari za huko, sisi huku hatujambo." Halafu jambo. Halafu salamu kwa kila mtu kwa jina lake. Halafu mwisho, miaka yote: "Ni mimi mama yako." Nilishamweleza mara nyingi kwamba jina lake linaonekana juu pale, hana haja ya kujitaja. Akanijibu kwamba anajua linaonekana.

Wiki iliyopita nikaamua kumwandikia kwa mtindo wake. Nikaanza na "Shikamoo mama", neno zima, si "shkm" yangu ya kila siku. Nikaeleza kazi inavyokwenda, nikauliza goti lake, nikamsimulia lile la mteja na irabu, nikasalimia watu kwa majina, nikamalizia: "Ni mimi mwanao." Nilisoma mara mbili kabla ya kutuma. Tiki zikawa za bluu. Ikaonekana anaandika. Ikapotea. Ikaonekana tena, muda mrefu, nikaweka simu mezani nikijua barua inakuja.

Ikaingia: "xawa".

Nikabaki nimeduwaa. Dakika moja baadaye ikaja nyingine.

"Mjukuu wangu ndiye aliyenifundisha. Ni mimi mama yako."